Mwalimu Sumari na Namba 1,022,117

Baada ya miaka ishirini na saba ya kushika chaki, Mwalimu Anaeli Sumari anastaafu rasmi tarehe 30 Juni, 1995. Alifika shuleni kwetu mwaka 1968 akitokea Momela, akiwa na suti moja na imani kwamba hajawahi kukosea. Suti ilichakaa mapema.

Kilele cha utumishi wake ni masika ya 1974, alipoiona namba 1,022,117 ubavuni mwa mashine ya kurudufu mitihani na kuamua kuichunguza kama ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Inaishia na saba, basi mbili na tano zikatupwa nje. Tarakimu zake zikijumlishwa zinatoa kumi na nne, basi tatu nayo haiingii. Akaendelea hivyo kwa mkono, namba tasa moja baada ya nyingine, zote 168 zilizo chini ya elfu moja, huku madaftari ya Kidato cha Pili yakisubiri kusahihishwa hadi Agosti. Hakuna iliyoigawa bila baki. Alitangaza paredini kuwa nayo ni namba tasa, akaiandika kwa rangi ya mafuta juu ya ubao, na kila mgeni aliyefika alioneshwa, akiwemo fundi bomba.

Kanuni aliyoifundisha mwenyewe inataka ujaribu namba tasa zote hadi kufikia kipeuo cha pili, ambacho hapa kinakaribia 1,011. Mwalimu aliishia 997 kwa sababu orodha iliyo nyuma ya kitabu chake iliishia hapo. Ilibaki namba moja tu kujaribiwa.

Mwaka 1988, vikokotoo vya kutoka nje vilipojaa madukani mjini, Mwalimu alivipiga marufuku kwa hoja kwamba vinalemaza akili. Nkasiogi, msichana wa Kidato cha Tatu, hata hakuwa nacho. Aliigawanya namba ile ya ubaoni kwa kalamu, akaandika 1,009 × 1,013, akampelekea daftari kwa mikono miwili. Mwalimu hakupoteza muda wake wa thamani kuzidisha. Aliweka alama ya kosa, akaandika "Usibahatishe", kisha akamwondoa kwenye darasa la hesabu za ziada kwa utovu wa adabu. Binti alitaka kuwa mhandisi. Leo anauza viatu vya mitumba Kisongo.

Sisi walimu wenzake tulimpongeza Mwalimu kwa msimamo wake. Mimi Faudhia Jabiri, ninayeandika haya, nilizidisha jioni ileile, nikaona binti amepatia, kisha nikaendelea kumwamkia Mwalimu shikamoo kwa miaka saba bila kusema neno. Naona aibu.

Mwalimu, asante, na hapa sikutanii: walimu wengi wa hesabu wa mkoa huu wamepita mikononi mwako. Nkasiogi tumemwalika kwenye hafla hii ya kukuaga, naye ameahidi kuja na daftari lake. Kabla ya keki, kamati imekuandalia ubao, chaki na kalamu nyekundu. Zidisha mbele yetu, kisha umpe alama zake. Hapo ndipo tutakapokutakia maisha mema.