Miwani ya Profesa na Kompyuta Yangu

Mheshimiwa mwakilishi wa gavana wa jimbo letu la Ituri, Mheshimiwa mkurugenzi mkuu wa chuo, waheshimiwa maprofesa mliovumilia toga, majoho haya mazito, katika joto hili, wakubwa wa ofisi na mashirika mliokuja kutupongeza na si kutuajiri, wachungaji wetu, wazazi mliotoka Kasenyi, Mahagi na kambi za waliokimbia vita Djugu, ndugu zangu wa promosyo, tuliosoma darasa moja: nawasalimu wote.

Naitwa Michée, mkaaji wa mtaa wa Rwambuzi, kipofu tangu utoto, na tangu asubuhi hii mwenye diploma ya sheria. Nimeombwa niseme kwa jina la wanafunzi wote. Bwana mmoja wa ofisi hakunificha sababu: "Ukisimama pale, picha itakuwa muzuri." Namshukuru. Natumaini nimegeukia upande wa kamera.

Nimeambiwa pia nisifu. Basi namsifu Profesa Anselme, aliyetufundisha sheria ya mwaka elfu mbili ishirini na mbili, ile inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Nani kati yetu atalisahau somo lile? Alilifundisha kwa sauti ya mahubiri. "Kipofu ni muntu!" alisema, akipiga meza. Mimi niliyekuwa mbele yake nilifurahi sana kupata habari hiyo.

Siku ya egzamen, mtihani wa somo hilo, niliingia na kompyuta yangu. Ni kompyuta ya kawaida, yenye programu inayonisomea kwa sauti kila kinachoandikwa, nami naisikiliza kwa visikilizio vya masikioni. Profesa akaja kunisimamia.

"Hii mashini iko na akili kukupita. Nitajua namna gani kama ni weye unajibu?"

"Profesa, inasoma tu. Haijue kitu."

"Toka inje. Sheria ni sheria."

Sheria ipi? Hakuitaja, na ile aliyotufundisha ilikuwa imelala kimya kwenye karatasi za maswali. Nilianza kufunga kompyuta. Mama yangu, Alphonsine, ameuza samaki juani miaka yote ya masomo yangu, ningemwambia nini? Hapo nikasikia sauti ya Abigaël, msichana wa promosyo yetu, ambaye hata hatukuwa tukizungumza sana.

"Profesa, basi na weye toa miwani. Tutajua namna gani kama ni macho yako ndiyo inasoma?"

Chumba kizima kilicheka. Tukatolewa wawili: mimi kwa ajili ya mashini, yeye kwa ajili ya mdomo.

Baraza la nidhamu likakutana haraka, kwa bidii ambayo hatukuwahi kuiona siku choo kilipoziba. Abigaël akanyang'anywa mwaka mzima wa masomo. Mimi nikaenda na mama kwa mkurugenzi mkuu, nikamweleza kwamba sheria haikubali mwanafunzi afukuzwe kwa sababu ya ulemavu wake.

"Iko sheria namna hiyo kweli?" akauliza.

"Iko, muzee. Wanaifundishaka kwenye chumba iko karibu na ofisi yako."

Nikaruhusiwa kufanya sesyo ya pili ya mtihani, pamoja na wote walioanguka ya kwanza, na walikuwa wengi. Lakini Profesa, kwa hekima yake, akaweka sharti: visikilizio hapana, asije mtu akaninong'oneza majibu kutoka Kampala. Nikavitoa. Mheshimiwa, kompyuta ikinyimwa visikilizio hufanya nini? Husema na watu wote! Ilisoma maswali kwa sauti ya kengele. Kisha kila sentensi niliyoiandika, ikairudia polepole, kwa matamshi safi kuliko ya Profesa mwenyewe. Na ndugu zangu hawa mnaowaona wamevaa toga kwa heshima kubwa, sijawahi kuwasikia wametulia vile. Kalamu zilikwenda kama mvua juu ya mabati.

Niliandika kwamba sheria ile ilitiwa sahihi mwezi wa Aprili. Ni Mei. Profesa aliposahihisha akakuta chumba kizima kimeandika Aprili.

Akalalamika kwamba ni wizi. Nani aliiba? Mimi sikumnong'oneza mtu. Kompyuta ilisema kwa amri ya Profesa mwenyewe. Wenzangu walikuwa na masikio, na hakuna kanuni ya chuo inayokataza masikio. Mwishowe tukarudia egzamen, mimi na visikilizio vyangu. Nikaandika Mei, nikapita. Tangu siku ile chuo chetu kinajivunia kwamba kinapokea wanafunzi vipofu "na vifaa vyao," na hata kwenye mwaliko wenu imeandikwa hivyo, kwa herufi ndogo ambazo mimi sikuziona.

Sasa sitaki kucheka tena.

Mwaka wa Abigaël haukurudishwa. Mimi nina diploma. Yeye, aliyeielewa sheria ile kuliko sisi wote, kwa sababu aliitumia, ameketi nyuma kabisa bila toga, amekuja kutupigia makofi. Jana nilimwomba asije kama itamuumiza. Akaniambia, "Nitakuja. Weye si ulipita?"

Mheshimiwa mkurugenzi mkuu, nauliza mbele ya mashahidi wengi: aliyesema ukweli ataadhibiwa mpaka lini, na sisi tuliofaidika na ukweli wake tukipigwa picha? Mrudishieni mwaka wake.

Nanyi wote, anayekubali ombi hili, asimame. Msiwe na wasiwasi kwamba sioni nani amebaki ameketi. Viti vya chuo hiki ni vya chuma, vinapiga kelele mtu akiinuka.

Haya. Nasikia huko nyuma. Nasikia wazazi. Nasikia promosyo yangu, asanteni, mara hii hamkunakili.

Mstari wa mbele, bado kimya.

Nangoja. Nimezoea.

Huyo mmoja ni nani? Wananiambia ni Profesa Anselme. Asante, Profesa. Na huyo kando yake? Mheshimiwa mkurugenzi mkuu, asante.

Mmenisikiliza, nami nimewasikia. Asanteni sana.