Diski Moja kwa Kila Mwananchi

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Narung'ombe, kwenye kona ambayo wakubwa waliahidi kuweka taa, sisi tukaweka benchi. Kahawa anauza Mzee Sadalla. Zamani aliuza na kashata, lakini siku hizi sukari imehamia inakojua yenyewe. Wa kwanza kufika kila jioni ni Augustino, tunayemwita Katiba, kwa kuwa alikuwa tarishi wa ofisi ya chama na akastaafu na hotuba zote kichwani. Wa pili ni Nassibu, fundi saa, jina lake hapa ni Injinia. Hajawahi kufungua boneti ya gari, ila anasema mashine ni mashine. Wa tatu ni mimi, na kazi yangu ni kucheka. Jioni hiyo Eliasi, dereva wa teksi, alikuja kwa miguu, akatua juu ya benchi kitu kizito kilichofungwa kwa karatasi yenye mafuta.

Ilikuwa diski ya breki, mpya kabisa. Tukaishika kwa zamu kama mtoto mchanga. Kwa asiyejua, kila gurudumu la mbele la Pijo, gari kama teksi ya Eliasi, lina sahani ya chuma namna hii, na dereva akikanyaga breki ndiyo inayobanwa gari lisimame; hubadilishwa mbili kwa pamoja, la sivyo gari linavuta upande mmoja. Za Eliasi zilikuwa zimelika zote mbili mpaka zikapasuka. Teksi imelala uani tangu mwezi uliopita, redio ameshauza, na wanawe wanakunywa uji wa chumvi.

— Na ya pili iko wapi? nikamuuliza.

— Hakuna ya pili.

Akatueleza. Alipanga foleni kwenye duka la vipuri, kibali mkononi. Diski za Pijo zilikuja mbili tu, na wenye vibali walikuwa wawili. Karani akawaza sana, kisha akampa kila mtu moja, asije akaambiwa ana upendeleo.

Tulicheka mpaka Mzee Sadalla akamwaga kahawa. Injinia alisema karani huyo akiletewa jozi moja ya viatu na wateja wawili, atalala usingizi mzuri. Hata Katiba, ambaye kwa kawaida huwatetea makarani wote wa nchi hii, alisema huo si usawa, ni uvivu wa kufikiri. Mimi nikaongeza kwamba mtu mwenye akili angeamua kabla hata kahawa haijapoa.

Eliasi hakucheka. Alitaka kujua jambo moja tu: aifunge gurudumu la kushoto au la kulia, maana kesho lazima aingie barabarani.

— Kulia, akasema Injinia. Dereva anakaa kulia. Aanze kusimama mwenye gari, abiria watafuata.

— Kushoto, akasema Katiba. Siasa yetu ni ya kushoto. Tena gari likivuta kushoto linaingia mtaroni, likivuta kulia linaingia kwenye basi. Mtaro ni mali ya umma, kila mtu ana haki ya kuingia.

Mimi nikashauri afunge kulia akienda Magogoni, na kushoto akirudi.

Injinia akasema haba na haba hujaza kibaba: mwaka huu diski moja, mwaka ujao ya pili. Kwa sasa abiria wapimwe sokoni kwenye mizani ya viazi, wanene wakae upande wenye diski mbovu. Katiba akamkatiza kwamba haraka haraka haina baraka, na asiyekimbia breki za nini? Akapanda zaidi. Akatuthibitishia kwamba breki yenyewe ni fikra za kibepari, maana mtu anajiandalia kusimama peke yake wakati wenzake wanasonga mbele.

— Nina watoto, ndugu zangu, akasema Eliasi. Niambieni kitu cha kweli.

Niliona aibu kidogo, lakini si ya kutosha kunifanya niache kucheka.

Ndipo akaja mwanamke wa makamo, kikapu mkononi. Akamwamkia Mzee Sadalla shikamoo, akajibiwa marahaba, akamuulizia Eliasi wa teksi. Alijitaja kuwa ni Selina. Mumewe alifariki akamwachia Pijo, dereva wa kuajiriwa ndiye anayeiendesha, na humo ndimo watoto wanamopata chakula na ada. Akaingiza mkono kikapuni, akatoa diski iliyofungwa kwa karatasi kama ile ile, akailaza kando ya mwenzake.

Kijiwe kikalipuka kwa furaha. Katiba alisimama akasema huu sasa ndio ujamaa, diski zimekutana bila karani. Injinia alizigonganisha apate kusikia mlio wake, akathibitisha kuwa ni ndugu. Mzee Sadalla akammiminia mama kahawa ya bure, jambo ambalo sijaliona tangu nianze kukaa hapo. Mimi nikasema watu wakikaa pamoja hawashindwi na kitu.

Selina alisubiri tumalize.

— Ahsanteni. Sasa zifungwe gari la nani?

Katiba akasema suala hilo linahitaji kikao. Injinia akajaribu: zifungwe gari moja, hela wagawane.

— Gari zima halikuwa linanitosha, akasema Eliasi taratibu. Nusu gari italisha nani?

— Na dereva wangu je? akauliza Selina. Yeye nimwambie nini?

Wakanigeukia mimi, mwenye akili. Niliwafikiria watoto wa Eliasi, nikawafikiria wa mama yule. Nikamalizia tone la mwisho la kahawa yangu, lilikuwa limeshapoa. 

Eliasi akavuta diski yake polepole, bila kumtazama Selina. Selina naye akachukua yake, akaifunga vizuri kwenye karatasi, akatuaga kwa heshima kama watu tuliomsaidia. Mmoja akashika njia ya Msimbazi, mwingine akaelekea sokoni.

Nikanyoosha kikombe. Mzee Sadalla akasema kahawa imekwisha. Birika lilikuwa bado zito mkononi mwake, na hakuna aliyembishia.