Jina Nililoliacha Nje ya Daftari

Sogeeni, wanangu. Emilienne, kaa upande huu wa sikio zima, nawe Jean-Marie acha kuchungulia dirishani, kwa maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Nyumba hii ya Kasongo ni ya dada yako, aliyeniosha na kunilisha. Shamba la Lusangi ni lako pamoja na michikichi yake, ila usimnyime shangazi yako mawese. Hayo ni mepesi. Zito ni daftari lililo chini ya mto wangu.

Mnajua kwamba mwaka wa arobaini na nne, kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Kabambare, watu tisini na saba waligeuza karai zao kifudifudi wakazikalia, wakakataa kazi mpaka posho irudishwe kama zamani. Mimi nilikuwa karani wa apeli, nikiita majina kila alfajiri. Sikuketi. Nilisimama na kalamu yangu, kisha nikayaandika majina yao kwa siri ili yasipotee. Nikaandika tisini na sita. Aliyeketi wa kwanza, Alimasi, sikumwandika.

Msiulize alinikosea nini. Aliniangalia tu akasema, "Antoine, andika muzuri! Kalamu yako iko moto, matako yetu iko baridi," na wote wakacheka, hata mimi, na kicheko kile kikaniingia kama mwiba wa mchikichi. Mimi, niliyesomeshwa na mapadri, nilikuwa na majina ya watu. Yeye, asiyejua herufi, alikuwa na watu wenyewe.

Miaka miwili iliyopita akaja yule Mzungu wa chuo kikuu, anayechunguza historia ya wafanyakazi, na mashine yake ya kunasa sauti. Kila aliyemuuliza alimwelekeza kwa Alimasi. Siku tisa nilivaa shati la kanisani nikamngoja barazani, na siku tisa nikasikia vicheko nyumbani kwa Alimasi. Siku ya kumi akaja kuniaga, kwa adabu tu. Nikamtolea daftari. Alilisoma lote, akauliza, "Mbona Alimasi hayumo?" Nikajibu, "Kilichoandikwa ndicho." Wasomi huamini wino kuliko mdomo, wanangu, akayafuta maneno ya Alimasi kwenye mashine yake mbele ya macho yangu, nami nikaonja utamu, Mungu anisamehe, utamu wa asali ya wizi.

Tangu habari hiyo ilipoenea mjini, Alimasi anaitwa mwongo. Wanamtania sokoni, "Muzee, uliketi juu ya karai ao juu ya uongo?" Naye anacheka pamoja nao! Hilo ndilo linalonikaba: hata aibu niliyomvika inampendeza kuliko heshima yangu inavyonipendeza mimi. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, nitazameni mikono.

Na kabla sijawa karani niliosha mchanga kando yake. Homa iliponilaza siku tatu, jina langu likiitwa, yeye aliitikia "Prezan!" kwa sauti yangu, kisha likiitwa lake akaitikia kwa sauti yake, akafanya kazi ya watu wawili, nisinyimwe posho, nisichapwe fimbo.

Jean-Marie, mwandikie yule msomi kabla kitabu chake hakijachapwa. Usiseme karani alisahau. Sema alificha. Emilienne, ukurasa wa kwanza, juu kabisa, andika Alimasi, kwa wino. Nimejaribu mara mbili mwenyewe. Mkono ulikataa, sijui ni ugonjwa au ni ule ule wivu.

Maji kidogo... Basi. Mungu awape kula sahani moja, na asiwape jicho langu.

Siku ya kunizika, Alimasi asihutubie. Akihutubia, watu watasahau nani amekufa. Someni majina ya daftari, kama apeli, mkianza na lake. La mwisho... liwe langu. Mkiliita, nyamazeni ninyi nyote... mwacheni yeye aitikie. Sauti yangu... anaijua.