Verdiana, Mlezi Aliyeagiza Kosa Lake Lisomwe

Marehemu Verdiana Lukas alizaliwa Miono tarehe 14 Mei 1961, mtoto wa pili wa Mzee Lukas na Mama Felista, wakulima. Kaka yake wa pekee ni mimi ninayesoma hapa.

Alisoma shule ya msingi hapo Miono, akamaliza darasa la saba mwaka 1975. Kaka yake alibaki shambani na baadaye akajisomea magazeti yaliyofungiwa maandazi. Shuleni Verdiana alijulikana kwa kicheko. Siku moja mwalimu alimtoa nje kwa kucheka darasani, akacheka na huko nje mpaka mwalimu naye akashindwa.

Mwaka 1979 alihamia Bagamoyo, akashona sare za shule kwenye baraza ya duka la mama mmoja wa Kihindi, Champaben. Yule mama alimpenda, ila alikuwa akimwambia, "Verdiana, kitambaa kinakatwa kwa mkasi, si kwa kicheko." Alifanya kazi pale karibu miaka ishirini, kisha akanunua cherehani yake.

Tarehe 20 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Tarcis, fundi mwashi, aliyetangulia mwaka 2016. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Clever. Mwaka 2003 Verdiana alijitolea kulea kikundi cha watoto cha Jumamosi hapa kigangoni: nyimbo, ngoma na masomo ya ziada.

Sasa nafika mahali ambapo wasifu huruka. Aliponiagiza nisome kosa lake, nilimwambia kwamba mazikoni watu hutaja mema. Akanijibu, "Basi ukifa wewe watakosa la kusoma. Langu lisome lote." Nalisoma.

Mwaka 2009 kikundi kilikuwa na mwalimu wa ngoma wa kujitolea. Jina lake halitatajwa mbele ya jeneza hili. Alikuwa mtani wa nusu ya mtaa, na kwa haki hiyo ya utani aliwaita wasichana wadogo "mchumba", akawauliza mama zao mahari ni mbuzi wangapi. Sote tulicheka. Alijitolea pia kuwasindikiza watoto makwao, tukamshukuru.

Jumamosi moja binti wa miaka tisa alimshika Verdiana sketi. Akamwambia, "Mama Clever, mimi sitaki kurudi na mwalimu. Ananiita mchumba hata tukiwa wawili tu."

Verdiana alicheka. Akamwambia, "Si mtani wako huyo, mwanangu? Nawe mwambie mbuzi wake hawatoshi." Kisha akauweka mkono wa mtoto katika mkono wa yule mtu, wakaondoka.

Yaliyompata yule binti ni yake, hayatasomwa hapa. Yalijulikana mwaka uliofuata, mtoto mwingine alipomweleza muuguzi, na mahakama ikamfunga yule mtu. Verdiana alikwenda kumwomba radhi mama wa binti. Mama yule hakumtukana. Alimwambia neno moja tu: "Alikwambia."

Tangu siku ile Verdiana hakuruhusu mtu mzima yeyote abaki peke yake na mtoto, hata yeye mwenyewe. Mlango ulikaa wazi, jua liingie au mvua. Mlezi wa pili asipofika, hakuna kikundi siku hiyo. Aliyetaka kujitolea alitafuta wadhamini wawili, hata kama alizaliwa nyumba ya jirani. Hakuna kumtania mtoto uchumba. Na mtoto akisema "sitaki", anaaminiwa kwanza, maswali baadaye. Watu walimwita Askari. Wengine walisema anawafundisha watoto kutowaheshimu wakubwa.

Kaka yake alikuwa mmoja wa hao. Nilimwambia ameua utani. Sisi tulilelewa na mtaa mzima. Yeyote alikuchapa, yeyote alikulisha, na hakuna aliyewekwa mlangoni kukulinda. Alinijibu huku akishona kifungo, hakuinua macho: "Kaka, unasema zamani tulikuwa salama. Zamani hatukuulizwa."

Utani wa kweli bado naulilia, huu wa watani waliotuchimbia kaburi leo na kutuchekesha katikati ya machozi. Vijana hawaujui tena, wana simu. Lakini nakubali mbele yenu kwamba tuliuacha kama nyumba isiyo na mlango, na mtoto aliposema mna mwizi ndani, tulimcheka.

Mwezi wa nane mwaka 2023 Verdiana alianza kuvimba miguu, ikagundulika moyo umechoka. Alitibiwa Bagamoyo, kisha Dar es Salaam. Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, alfajiri. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakuuliza habari za dawa. Aliuliza, "Jumamosi nani atakaa na Clara?"

Clara alilelewa katika kikundi hicho, na sasa ndiye mlezi pekee aliyebaki. Jumamosi iliyopita alikuwa peke yake, akawarudisha watoto mlangoni. Wazazi walinung'unika. Mmoja akasema, "Mmoja anatosha, sote hapa tunajuana." Na yule mwalimu wa ngoma tulijuana naye.

Juzi nilimwendea Clara nikamwambia nitakaa naye mimi. Akasema, "Asante, babu. Wadhamini wako ni akina nani?"

"Clara, mimi nilikubeba mgongoni ulipougua surua."

"Ndiyo, babu, mama ameniambia. Wadhamini wawili."

Nilikasirika mpaka jioni. Asubuhi nikaenda kwa Mzee Mwinyijuma, ananifahamu tangu ujana. Hakukubali mara moja. Alinihoji kwanza, nikajibu. Bado mmoja. Nawaomba mlio hapa, anayenifahamu vizuri anione kabla hajaondoka. Na anayenifahamu kwa ubaya amwone Clara.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, mkwe, wajukuu watatu, kaka mmoja, na watoto wa Jumamosi. Ameacha pia yule binti aliyemshika sketi, sasa mtu mzima, ambaye hakuja leo, wala hakupaswa kuja.

Verdiana apumzike kwa amani. Sisi bado tuna Jumamosi.