Mjukuu Hangoji Sindano

Basini, muuguzi mstaafu alifuma mkono wa sweta roho juu, karatasi ya malengo ikiwa pajani: kwanza soksi za mumewe, kisha shali ya dada yake, mwisho sweta la mjukuu. “Bibi, umestaafu au umebadilisha mwajiri?” fundi cherehani aliyeketi kando yake akamtania. “Bila malengo, mwanangu, ningebaki kuhesabu mbu. Kitendawili.” “Tega.” “Nilimpima akitambaa, namaliza kumfumia anakimbia.” “Mjukuu. Fumua hilo, umfumie kofia.” “Nifumue leo, naye ananingoja kituoni?”

Basi liliposimama, bibi aliinua sweta dirishani, akampima kwa macho mjukuu aliyekuwa akimpungia mkono. Lilimfika kitovuni.

“Kofia, bibi.”

“Ngoja kwanza, mwanangu. Labda amesimama juu ya jiwe.”