Mkono Usioachia Umeme Ukikatika

“Bamba limeshashikwa na sumaku, umeme wa nini tena? Wewe ukishika kikombe, unatokwa jasho mpaka chai iishe?” Hayo marehemu mdogo wangu alimwambia meneja wake mbele ya watu. Meneja akamjibu, “Fundi, tupumzishe, kazi inakwenda.” Hakumpumzisha. Sababu alikuwa nayo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1971, katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya ghala la mbao. Tulizaliwa wawili tu, yeye wa mwisho. Akiwa mdogo alivunja spika ya redio ya baba, akatoa sumaku, akataka kuinulia sufuria ya mama. Sufuria haikutikisika. Alilia akidhani ameiua sumaku, kumbe sufuria ya alumini. Viboko alikula, sumaku hakuirudisha.

Mimi niliishia darasa la saba. Yeye aliendelea hadi chuo cha ufundi, akamaliza masomo ya umeme 1993. Mwaka huohuo aliajiriwa na kiwanda cha makabati ya chuma, kutunza mikono ya roboti inayobeba mabamba kwa sumaku. Sumaku zile zilikula umeme muda wote zikiwa zimebeba. Umeme ukikatika, zinaachia.

Tarehe 5 Desemba 1998 alimuoa dada wa mpakaji rangi wa hapohapo kiwandani. Yeye na huyo shemeji yake walikuwa chanda na pete.

Mei 2011, shemeji alisita kupita chini ya bamba lililoinuliwa. Marehemu akamwambia, “Pita, shemeji, halianguki.” Umeme ukakatika. Mguu ulivunjika vibaya. Mpaka leo shemeji anatembelea fimbo. Marehemu aliomba radhi, akatuma wazee, wapi! Shemeji alisema, “Neno lako ndilo lililonivunja. Usinipe lingine.”

Basi akaacha maneno. Miaka mingi alihangaikia mkono ambao sumaku yake hupewa umeme kidogo wakati wa kushika, na kidogo wakati wa kuachia. Katikati hapo inashika yenyewe, hata taa zote zizimike. Kiwanda kilianza kuutumia 2019. Meneja alishangilia bili ya umeme. Marehemu alikuwa anaangalia mlango, labda shemeji atakuja kuona. Hakuja.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Alikwisha, akabaki mifupa. Tarehe 15 Machi 2024 shemeji aliingia wodini, hata hakuketi.

“Natoka kiwandani. Nimewaambia wazime umeme wote, nikaenda kusimama chini ya bamba. Nimesimama mpaka mguu ukachoka.”

Marehemu sauti ilishamkauka. Alinyoosha mkono, shemeji akaupokea.

“Yameisha, shemeji. Lala.”

Alifariki kesho yake alfajiri.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mimi dada yake, na shemeji, ambaye ameomba mwenyewe kuwa miongoni mwa wabeba jeneza, na fimbo yake hivyohivyo.

Apumzike mdogo wangu. Hadaiwi na mtu.