Sekondari ya Dada Yake

Kwenye treni ya jioni, fundi cherehani aliyesahau futi ya kupimia shingoni alimgeukia fundi bomba wa kiti cha pili, mtu asiyemjua hata kwa sura. "Kaka, wewe ungempeleka binti sekondari kubwa ya mjini, au ile ndogo ya huku pembezoni?"

"Kubwa, dada. Kuna maabara, kila somo lina mwalimu wake."

"Na wanafunzi kama siafu! Nani atajua mwanangu amekula au amelia?"

Fundi bomba akasema mtoto haendi shule kujulikana. Mimi, niliyekaa mkabala nao, nilijifanya nimesinzia; umbea nao una adabu zake.

"Kwani mwenyewe anataka wapi?"

"Mjini." Mama alikuwa akiizungusha futi kidoleni. "Ile ndogo alisoma dada yake, tuliyemzika mwaka juzi. Wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Tulipokwenda kuitazama, walimu wakawa wanamwita kwa jina la marehemu. Aliitika, kisha akalia njia nzima."

"Sasa hapo unauliza nini tena, dada? Mpeleke mjini."

Treni ikasimama. Mama akachukua mfuko wake.

"Kaka, tangu mazishi, hadi siku ile, nilikuwa sijasikia jina lile likiitwa, na mtu akaitika."